Kwa nini njia ya Kempe inatosha kwa rangi tano lakini si kwa nne?

Swali: Nimesoma kwamba uthibitisho wa mwanahisabati Alfred Kempe kuhusu rangi nne za ramani (kwamba zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi zinazopakana kuwa na rangi moja) ulibainika kuwa na kasoro, ilhali njia hiyo hiyo hutumika hadi leo kuthibitisha rangi tano. Inawezekanaje?

Jibu: Njia yenyewe ni sahihi, kilichokosewa ni matumizi yake katika hali moja. Igeuze ramani kuwa grafu: kila nchi iwe nukta, na nchi zinazopakana ziunganishwe kwa mstari. Malawi, Tanzania, Zambia na Msumbiji, ambazo kila moja inapakana na tatu nyingine, zinatosha kuonyesha kwamba rangi tatu ni chache. Dai kwamba nne zinatosha ramani yoyote lilianza na Francis Guthrie mwaka 1852.

Kanuni ya Euler, inayohusisha idadi ya nukta, mistari na maeneo, inatuhakikishia kwamba katika grafu ya namna hii daima ipo nukta yenye majirani (nukta zilizounganishwa nayo) wasiozidi watano. Iondoe, zipake rangi zilizobaki, kisha irudishe. Ukiwa na rangi tano, utakwama tu iwapo majirani ni watano na kila mmoja ana rangi yake, tuseme kwa mzunguko: nyekundu, bluu, njano, kijani, nyeupe. Anzia kwa jirani mwekundu, ufuate mnyororo wa nukta nyekundu na za njano pekee. Usipomfikia jirani wa njano, badilisha rangi hizo mbili ndani ya mnyororo huo, na nyekundu itakuwa huru. Ukimfikia, mnyororo umekuwa uzio unaomtenga jirani wa bluu na wa kijani, hivyo utabadilisha bluu na kijani upande mmoja bila kumgusa wa pili. Badiliko moja linamaliza kazi.

Kwa rangi nne, mmoja wa majirani hao watano hana budi kurudia rangi ya mwenzake, tuseme bluu. Ili kuiondoa bluu kwa wote wawili, Kempe, mwaka 1879, alihitaji mabadiliko mawili kwa pamoja: bluu na kijani kwa mmoja, bluu na njano kwa mwingine. Kila moja peke yake ni halali. Mwaka 1890 mwanahisabati Percy Heawood alichora ramani ambamo minyororo hiyo miwili inagusana: nukta ya kijani na jirani yake ya njano zote zinageuka bluu. Katika makala hiyo hiyo, na kwa haki kabisa, alitumia minyororo ya Kempe kuthibitisha rangi tano.

Pengo hilo, ambalo wasomaji walilipita kwa miaka 11, lilizibwa mwaka 1976 tu, pale wanahisabati Appel na Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walipoibadilisha ile nukta moja ya majirani watano kwa maumbo (vikundi vya nukta) yapatayo 1,900 yaliyokaguliwa na kompyuta. Robertson, Sanders, Seymour na Thomas waliyapunguza hadi 633, na hata hayo hukaguliwa kwa kompyuta.