Betri ya Kitumbo: Inafaa Kubebwa?

SWALI: Natumia Samsung Galaxy Note 4, ile ambayo mfuniko wa nyuma unabanduka. Chaji haifiki jioni. Fundi anataka kuniuzia betri ya mAh 10,000 inayokuja na mfuniko wake uliotuna. Nikubali?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Kwanza ipime uliyonayo. Zima simu, toa betri, ilaze kwenye meza bapa uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imeshavimba: usiirudishe kwenye simu, usiibonyeze wala kuitoboa. Simu hiyo ilitoka 2014, kwa hiyo betri yoyote ya miaka hiyo imechoka. Huenda betri mpya ya kawaida ya mAh 3,220 ndiyo dawa yote unayohitaji.

Ukiitaka kubwa, jua unabeba nini. Simu yako ina unene wa mm 8.5 na uzito wa gramu 176. Ukiweka betri mara tatu ya ile ya awali, unene unazidi maradufu na kava za madukani haziingii tena. Kamera inabaki ndani ya shimo, na ukipiga picha usiku mwanga wa flashi unagonga kingo za mfuniko na kurudi kwenye lenzi, picha inatoka na ukungu. Kuchaji nako kunachukua muda, maana kasi inaamuliwa na sakiti ya simu. Kwa ampea 2, mAh 10,000 ni saa 5 kwa hesabu ya karatasi, na kwa kuwa kasi hushuka kuelekea mwisho, tegemea 6 au zaidi. Umeme ukikatika katikati ya usiku, unaamka na nusu. Asilimia nazo zinaweza kudanganya: simu ilizoea betri ndogo, hivyo inaweza kukaa kwenye 1% muda mrefu, au kushuka ghafla.

Lakini kinachoziua betri hizi mapema ni volti. Soma maandishi kabla hujalipa. Ya awali imeandikwa 3.85V, na ukomo wa kuchaji 4.4V. Mpya ikiwa imeandikwa 3.7V na 4.2V, mwachie fundi betri yake. Simu itaisukuma hadi 4.4 na seli itavimba.

Kwa maoni yetu betri ya kitumbo inamfaa anayeshinda porini ramani ikiwa wazi, asiye na nafasi ya kuning'iniza waya. Wewe nunua betri mbili za kawaida na chaja ile ya kubana betri nje ya simu. Kubadilisha ni dakika moja, na nusu yake ni kungoja simu iwake.

SWALI: Simu yangu haifunguki nyuma, na naifunga kwenye usukani wa bodaboda siku nzima. Je, kipochi chenye betri ndani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa kazi yako, hapana. Kipochi kinaifunika simu kama blanketi huku kikiichaji, na juu kuna jua la pwani. Joto likizidi, simu yenyewe hupunguza au hukata chaji, kwa hiyo unabeba uzito usiokusaidia. Kishikio nacho hulegea kwa uzito barabara ikiwa mbovu. Weka pawabenki ya mAh 10,000 kwenye mkoba wa kiunoni, uchaji ukiwa kijiweni kivulini, ukianzia 20% na kuchomoa ifikapo 80% hivi. Usitarajie mijazo miwili ya simu ya mAh 5,000: nishati nyingine hupotea katika kupandisha volti kutoka 3.7 hadi 5, na nyingine hugeuka joto. Mjazo mmoja na nusu ni hesabu ya haki.

(Mwaka 2019 Energizer ilionyesha Barcelona simu ya mAh 18,000 yenye unene wa mm 18. Mchango wa mtandaoni wa kuizalisha haukukaribia lengo. Watu walitaka chaji, hawakutaka tofali.)

SWALI: Nimeona pawabenki ya mAh 50,000, nyepesi na bei poa. Nataka kusafiri nayo kwenda Dubai.
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Ipime kwenye mizani ya duka. Seli ya duara ya 18650, yaani betri ndogo zinazopangwa ndani ya kasha la pawabenki, ina gramu 45 hivi, na iliyo bora hubeba mAh 3,500. Kwa 50,000 zinahitajika seli 15, yaani zaidi ya gramu 650 bila kasha. Ikiwa na gramu 250, namba hiyo ni rangi tu. Tena ndege huhesabu saa-wati (Wh): mAh 50,000 kwa 3.7V ni Wh 185, wakati kinachopita bila kibali ni hadi 100, kwenye mzigo wa mkononi tu. Emirates tangu Oktoba 2025 inaruhusu pawabenki moja kwa abiria, tena bila kuitumia ndani ya ndege. Mkaguzi anasoma lebo, hafungui kasha. Utanyang'anywa kwa ajili ya mAh ambazo hazimo.