Mrowani mdogo umegeuka kichaka: nikate wapi?

Swali: Miaka 3 iliyopita nilipanda mrowani wa pambo, Sorbus vilmorinii, kwenye bustani ya mita 4 kwa 6. Niliambiwa ni mti mdogo wenye majani laini na matunda ya waridi. Sasa upande mmoja umerefuka kunipita kichwa na majani ya huko ni makubwa. Matunda sijaona hata moja, ingawa kila mwaka napunguza ncha ili usitanuke. Shina lenyewe limeingia ardhini wima kama nguzo. Je, niukate juu kiasi gani?

Jibu: Mkasi uweke kando kwanza. Tatizo la mti wako liko chini, na umelitaja mwenyewe bila kujua uliposema shina limeingia ardhini kama nguzo.

Kachume jani moja upande ule mrefu na jingine upande uliotulia, uyalaze pamoja mezani. Jani la mrowani ni kikonyo kimoja chenye vijani vilivyopangwa pande zote mbili, kama unyoya. La vilmorinii limejaa vijani vidogo vidogo, kila kimoja sentimita 2 hivi, na kwa mbali utadhani ni kangaga. Kama lile jingine lina vijani vichache, vipana, virefu mara mbili au zaidi na vyenye meno makali ukingoni, basi hilo ni la mrowani wa kawaida, Sorbus aucuparia, ambao hufika mita 10 na kuendelea. Una miti miwili katika shimo moja.

Wauza miche wengi hubebesha: huchukua kijiti cha vilmorinii na kukiunga juu ya shina mama la aucuparia. Shina mama likipata nafasi huchipua lenyewe kutoka chini ya kiungo, yaani pale kijiti kilipoungwa, na kwa kuwa lina nguvu zaidi, hunyonya maji na chakula hadi mgeni aliye juu anadumaa. (Ajabu ni kwamba vilmorinii haihitaji kubebeshwa. Mbegu zake hutengenezwa bila kuchanganya urithi wa mti wa pili, hivyo miche hufanana na mti uliozaa mbegu hizo. Ukinunua tena, ulizia uliooteshwa kwa mbegu.)

Sasa piga magoti, fukua udongo kuzunguka shina kwa mikono mpaka uone lile chipukizi kubwa limetokea wapi. Machipukizi machanga yashike shinani uyang'oe kwa kuyavuta kuelekea chini, yatoke na kisigino chake, yaani kipande kidogo cha gome yalipoanzia. Ukiyakata usawa wa ardhi unaacha macho yaliyolala, yaani vichipukizi ambavyo bado havijafunguka, na baada ya wiki chache utayakuta matatu palipokuwa na moja. Lile nene la miaka 3 halitang'oka kwa mkono. Likate kwa msumeno, karibu kabisa na lilipoanzia, bila kuacha kisiki.

Ukiendelea kufukua utafika mahali shina linapopanuka na mizizi ya kwanza kujitawanya. Hiyo ndiyo shingo ya mti, na inapaswa kuonekana juu ya udongo. Kwako nadhani imezikwa, ndiyo maana shina halionyeshi kupanuka. Shingo iliyozikwa hukaa na unyevu na kuoza polepole, na mizizi hukosa hewa. Ikiwa imezama sentimita 3 au 4, ondoa tu udongo wa juu. Ikiwa ni 10, ngoja majira ya baridi mti ulale na majani yaanguke, uchimbe na bonge la udongo, uupande upya juu zaidi. Kwa umri huo bado unavumilia. Usijaze shimo mboji nyingi. Rudisha udongo uleule, kisha weka matandazo ya sentimita 5 ambayo hayagusi shina.

Kuhusu matunda, acha kabisa kupunguza ncha. Mrowani huandaa matumba ya maua mwaka unaotangulia, tena kwenye ncha za vitawi. Kila unapozikata unaondoa maua ya mwakani, na mti unakujibu kwa fimbo ndefu zilizosimama wima. Kata tu tawi lililokufa, lililovunjika au linalosuguana na jenzake, mti ukiwa umelala.

Nafasi je? Vilmorinii hufika mita 4 hadi 5, lakini huchukua miaka mingi, na unaweza kuondoa matawi ya chini kidogo kidogo ili upate kupita. Kwenye bustani ya mita 4 kwa 6 utatoshea, ila pasiwe na mti mwingine. Ukitaka mdogo kweli kuna Sorbus reducta, wa mita 1 hadi 1.5. Huo nao hutoa machipukizi ardhini, lakini usiyang'oe kwa kufuata ushauri wangu wa hapo juu, maana ndiyo maumbile yake, na kama haukubebeshwa, machipukizi hayo ni mti uleule.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo. Upande mkubwa ukishaondoka, tazama kilichobaki juu ya kiungo. Kikiwa na matawi matatu au manne yenye matumba hai, kipe miaka 2. Kikiwa kijiti kimoja kikavu, ng'oa vyote uanze na mche mpya. Mimi nisingekaa kukibembeleza.