Wasomaji Wanauliza: Kijiji cha Uingereza Alikozikwa Speke

Tangu tuchapishe ramani ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, barua zimemiminika kuhusu John Hanning Speke, mvumbuzi Mwingereza aliyetafuta chanzo cha mto Nile, na kijiji cha ukoo wake. Tumejibu nne.

*Ndugu Mhariri, hapa Igoma tunabishana. Wapo wanaosema Speke kazikwa London kwa kuwa kuna mnara wake, wengine wanasema kazikwa kijijini kwao. Kweli ni ipi? Na kijiji chenyewe kikoje?* – Msomaji, Igoma

Kazikwa kijijini. Mnara wa London ni nguzo ya mawe mekundu katika bustani ya Kensington, nayo imeandikwa jina lake, Victoria Nyanza, Nile na mwaka 1864. Mwili wake uko Dowlish Wake, kijiji kidogo cha Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kilomita kama tatu kutoka mji wa Ilminster. Alifariki tarehe 15 Septemba 1864 akiwa mawindoni huko Neston, Wiltshire. Alikuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ikafyatuka ikampiga kifuani. Kesho yake alisubiriwa mjini Bath kwenye mdahalo na Richard Burton, mvumbuzi mwenzake, juu ya chanzo cha Nile. Waliochunguza kifo hicho waliamua kuwa ni ajali. Wanaodai alijiua hawajaleta ushahidi wa kupindua uamuzi huo.

Ukifika huko, ingia kanisa la Mtakatifu Andrea. Kumbukumbu yake usiitafute uani; imo ndani, kwenye kikanisa cha ukoo wake chenye makaburi ya Speke wengine waliomtangulia kwa karne kadhaa. Kuna maneno ya Kilatini, *A Nilo Praeclarus*: aliyepata sifa kwa ajili ya Nile. Nyumba nyingi za kijijini ni za jiwe la rangi ya dhahabu lililochimbwa kilima cha Ham, si mbali na hapo. Kijito kinakatiza kijiji, nacho kina kivuko cha maji na daraja la karne ya 17 la farasi wa mizigo. Madaraja ya aina hiyo yalijengwa membamba, yenye kingo fupi au yasiyo na kingo kabisa, ili vikapu vinavyoning'inia ubavuni mwa farasi visigonge ukuta. Mikokoteni ilipita majini.

Sasa upande wetu. Speke alifika Mwanza kutoka Kazeh, yaani Tabora, akaliona ziwa vizuri tarehe 3 Agosti 1858. Kilima alichopanda baada ya kupita Isamiro (ndivyo alivyoandika) akakiita Somerset, akisema hakina jina la wenyeji. Hilo tunalitilia shaka, maana Wasukuma hawakuacha vilima vyao bila majina. Mkono wa ziwa alioufuata akitoka kusini akauita Jordans, jina la nyumba ya wazazi wake karibu na Ilminster. Alipima kimo cha ziwa juu ya usawa wa bahari kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, akapata futi 3,740. Vipimo vya leo vinakaribia 3,720. Alizidi kidogo tu! Lakini majina aliyobandika yeye mwenyewe huku, ukiacha Victoria, yalififia. Ghuba ya Speke iliitwa hivyo na mvumbuzi Henry Morton Stanley, aliyelizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875.

*Je, vijiji vya Uingereza vina mwenyekiti na mtendaji kama huku kwetu Magu?* – Mwalimu wa uraia, Magu

Wanacho chombo kinachofanana kwa nje tu. Sheria ya 1894 iliondoa shughuli za kiserikali za kijiji mikononi mwa kanisa na kuunda baraza la parokia. Jina limebaki la kikanisa, lakini baraza ni la kiraia. Wajumbe hawapungui watano kisheria, huchaguliwa kila miaka minne, kisha humchagua mwenyekiti kutoka miongoni mwao. Karani ndiye anayelipwa mshahara, na kwenye kijiji kidogo mara nyingi hufanya kazi saa chache tu kwa wiki. Tofauti na mtendaji wetu, ambaye mwajiri wake ni halmashauri ya wilaya, karani huajiriwa na baraza lenyewe. Fedha hutokana na nyongeza ndogo juu ya kodi ya makazi inayokusanywa na halmashauri kubwa.

Mkutano wa wapigakura wote hufanyika mara moja kwa mwaka, kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni, na sheria inakataza kuuanza kabla ya saa kumi na mbili jioni ili waliokwenda kazini wawahi.

Wanafunzi wakikumbuka jambo moja tu, liwe hili: baraza la parokia halina mamlaka juu ya ardhi ya watu. Hutunza viwanja vya michezo, makaburi, taa, madawati ya njiani, na hutoa maoni mtu akiomba kibali cha kujenga, lakini uamuzi ni wa halmashauri kubwa. Kwetu, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Kwa hilo, Magu mna nguvu ambayo Dowlish Wake hawana.

*Nyasi za paa huku Ukerewe huchoka mapema. Za Waingereza zinadumuje miaka mingi kwenye mvua?* – Fundi, Nansio

Kwanza ni mwinuko: paa lao huwa nyuzi 45 hadi 50 au zaidi, maji yakimbie kabla hayajazama. Pili ni unene, takriban sentimita 30. Tatu ni nyasi zenyewe: matete, au mabua ya ngano ndefu za zamani yaliyokatwa kwa mashine ya kufunga miganda, kwa sababu mashine ya kisasa ya kuvuna huyavunja. Matete mazuri hupita miaka 40. Mgongo wa paa hubadilishwa kila miaka 10 hadi 15. Panapovuja kwanza ni pale paa linapokutana na bomba la moshi.

*Tuna picha ya Mwingereza aliyenunua pamba Sengerema miaka ya 1940. Nyuma kuna jina lake na la kijiji. Tunaweza kuwapata watu wake?* – Familia, Sengerema

Anzeni na mirathi, msianze na kanisa. Tangu Januari 1858, mirathi yote ya England na Wales inayothibitishwa mahakamani huorodheshwa kila mwaka kwa jina, na orodha hiyo inatafutika mtandaoni. Hutaja tarehe ya kifo na mara nyingi makazi. Hata aliyefia ng'ambo humo yumo, mradi aliacha mali huko kwao.

Baada ya hapo tazameni orodha za abiria waliotoka Uingereza kwa meli, 1890 hadi 1960, zilizo kwenye Nyaraka za Taifa za huko, fungu BT 27. Zina umri, kazi na, kwa miaka mingi, anwani ya mwisho. Kwa utoto wake someni sensa ya 1921, inayotaja mahali pa kuzaliwa na umri kwa miaka na miezi. Ya 1931 msiitafute: iliteketea kwa moto 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Daftari la wakazi la Septemba 1939 huziba pengo, ila kama tayari alikuwa Tanganyika hamtamkuta.

Kosa linalopoteza wengi ni jina la kijiji. Norton ziko nyingi Uingereza, kwa hiyo hakikisheni na jina la wilaya au jimbo. Mkishalipata, andikieni karani wa parokia, mtume picha pande zote mbili, na muulize swali moja tu: je, ukoo huo bado upo? Kama kijiji ni cha Somerset, vitabu vya zamani vya ubatizo, ndoa na mazishi vimehifadhiwa kwenye kituo cha nyaraka cha jimbo hilo, Taunton.