Programu ya stoki ya Windows kwenye Ubuntu: inawezekana

Yaya, umeuliza kama ile programu yako ya stoki ya duka la dawa pale Kadutu, yenye faili la .exe, itafunguka kwenye kompyuta uliyowekewa Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Mimi ningeanza na Wine, programu inayofungua programu za Windows ndani ya Linux. Haiigi kompyuta nzima: programu inapoiomba Windows kitu, Wine inageuza ombi hilo liwe la Linux. Ndiyo maana hata mashine yenye giga 4 za RAM inaiweza. Ilianza mwaka 1993, si kitu cha jana.

Programu za zamani mara nyingi ni za biti 32, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Kabla ya kusakinisha, andika haya kwenye teminali ili Ubuntu ikubali biti 32 na Wine iingie:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine wine32

Kisha: wine setup.exe (weka jina la faili lako la .exe). Ikilalamika, fungua winecfg, yaani mipangilio ya Wine, uiambie ijifanye Windows 7. Vitu vyote vitakaa kwenye folda iliyofichwa ya .wine, inakili kwenye flashi kila jioni, maana umeme wetu unaujua.

Lakini kama programu inadai ufunguo wa USB (kile kifaa cha leseni cha kuchomeka) ndipo ifunguke, usipoteze siku zako. Hapo tumia VirtualBox, programu inayoiga kompyuta nzima, na Windows kamili ndani yake, yenye leseni. Faili la kusakinisha Windows hiyo linapita giga 4, kwa hiyo usilipakue kwa mega za simu! Tafuta mtu mwenye nakala halali. Na RAM uongeze ifike 8.

Toleo gani la Ubuntu unalo?