Chama Chenu cha Watathmini Kinataka Marafiki wa Nje? Anzeni na Kazi

Kama uko kwenye uongozi wa chama cha watathmini, yaani watu wanaopima kama miradi na programu zimeleta matokeo, na unatamani kufungua ushirikiano na wenzenu wa nchi nyingine, ushauri wangu wa kwanza ni huu: tafuteni kazi moja ya kufanya pamoja kabla hamjaandika hati ya makubaliano. Nimeshuhudia hati nzuri zikisainiwa ukumbini, picha zikapigwa, kisha kimya. Nguvu ya soda. Waliosaini walikuwa na nia njema kabisa, ila hakuna aliyerudi nyumbani akijua Jumatatu aanze na lipi.

Uwanja wenyewe upo tayari. AfrEA, inayounganisha watathmini wa bara letu, ilizaliwa Nairobi mwaka 1999. Machi 2003 vyama vya kitaifa na vya kikanda vilianzisha IOCE, umoja wao wa dunia, huko Lima, Peru, ili viwe na sauti moja duniani. Mwaka 2012 IOCE na UNICEF wakaanzisha EvalPartners, ushirika wa dunia wa kuimarisha uwezo wa kufanya tathmini. Katika juhudi hizo kuna tunda ambalo viongozi wengi wa vyama hawalitumii ipasavyo: Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 69/237 kuhusu kujenga uwezo wa nchi kufanya tathmini. Lichapeni, mwende nalo wizarani. Katibu mkuu wa wizara anayekuona kama mtu wa NGO aliyekuja kuomba fedha hukusikiliza vingine akijua kwamba nchi yake nayo imo katika Baraza lililopitisha jambo hilo.

Sasa, kazi gani? Iliyotufaa sisi kuliko zote ni kusomeana ripoti. Kila chama kinachagua ripoti ya tathmini ambayo tayari iko hadharani, kwa mfano ya mradi wa afya ya mama na mtoto, kinampa mwenzake. Pande zote mbili zinasoma kwa maswali yaleyale: sampuli ilipatikanaje, nani hakuhojiwa na kwa nini, mapendekezo yametoka kwenye ushahidi au yalikuwa kichwani mwa mfadhili tangu kwenye hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mtathmini. Halafu mnakutana mtandaoni kujadili.

Katika kikao kimoja cha namna hiyo, mwenzetu wa Uganda alifungua ukurasa wa mbinu wa ripoti yetu, akasoma orodha ya vijiji, akauliza: "Hawa mliowahoji, matokeo waliletewa?" Tulitazamana. Ripoti nzima haikuwa na sentensi moja kuhusu hilo, na sisi tulikuwa tumeipitia bila kulishtukia. Baada ya hapo tuliweka swali hilo katika mwongozo wetu wa kukagua ripoti, nao wakaliweka katika wao. Huo ndio ushirikiano ninaouzungumzia, na haukuhitaji tiketi ya ndege.

Jirani aje kwanza. Ukiwa Kigoma, Bujumbura iko karibu kuliko Dar es Salaam, lakini vyama vyetu huwa vyepesi zaidi kuandika barua Ulaya. Wenzetu wa Burundi na mashariki ya Kongo wanaandika ripoti kwa Kifaransa, sisi kwa Kiingereza, na wote tunaongea Kiswahili. Basi mjadala uwe wa Kiswahili, na muhtasari utoke katika hizo lugha nyingine mbili. Nimeona watu waliokuwa kimya mikutano mizima wakifunguka dakika za mwanzo tu.

Na vyama vikongwe je? Kile cha Kanada kimekuwepo tangu 1981, cha Marekani tangu 1986. Wana mengi ya kutufundisha, kuanzia maadili ya kazi hadi namna ya kuendesha mkutano mkuu. Waendeeni kwa heshima, lakini msikubali nafasi ya wakusanyaji wa takwimu. Jueni mapema nani anaandika uchambuzi, jina la nani linakaa juu, na takwimu zinabaki kwa nani. Mwenza mwema haoni vibaya akiulizwa. Akikasirika, mmeshapata jibu.

Mambo madogo ndiyo yanayoua ushirikiano. Anwani, kwa mfano: katibu anatumia barua pepe ya mwajiri wake, mkataba unaisha, na mawasiliano yote na vyama vya nje yanapotea naye. Fungueni anwani ya chama, na nywila wawe nayo viongozi wawili. Saa nayo ni mtego. Kikao cha saa tisa alasiri Dar es Salaam ni saa sita mchana Dakar na saa kumi na mbili kasorobo jioni Kathmandu, wote wakiwa macho. Lakini kwenye mwaliko andikeni 15:00 na jina la mji, maana mgeni hajui hesabu yetu ya saa.

Kuhusu safari nitasema wazi, kwa sababu jambo hili linaniuma. Nafasi ya kwenda mkutano wa nje isiwe ya mwenyekiti kila mara. Apewe mwanachama kijana aliyesoma hizo ripoti na kuandika maoni yake, na kabla hajaondoka akubali tarehe ya kuja kuwaeleza wanachama alichokipata. Tarehe hiyo itangazwe kwenye kundi la WhatsApp la chama siku ileile jina lake linapotangazwa.