Nyuzi 22: tuanze mazoezi au tusubiri?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la sita. Fundi cherehani alipokuwa anampima sare akaona bega moja limeshuka. Eksirei ikaonyesha uti wa mgongo umepinda nyuzi 22. Daktari mmoja anasema mazoezi, mwingine tusubiri. Jirani analaumu begi la shule, anataka akandwe. Nimsikilize nani?
Mama Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Huyo fundi mpelekee shukrani, amewahi.

Chini ya nyuzi 10 hatuuiti ugonjwa. Kati ya 10 na 25 ni pindo dogo, la mazoezi na kufuatiliwa. Likipita 25 kwa mtoto anayekua, tunafikiria mkanda mgumu wa kiwiliwili, wa kuzuia pindo lisizidi; likifika 45 au 50, upasuaji huzungumzwa.

Ila niambie: Neema ameshavunja ungo? Nyuzi 22 za msichana aliyemaliza kurefuka hazinitishi. Za ambaye hajaanza kurefuka hunikosesha usingizi. Mwombe daktari asome kwenye picha hiyohiyo ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, kipimo cha Risser, 0 hadi 5. Akiwa 0 au 1, ukuaji mwingi bado uko mbele, na pindo huweza kukimbia nao.

Nilipoanza kazi niliwapa wote karatasi moja ya mazoezi. Msichana mmoja alikuja na nyuzi 24, nikampa miadi ya mwaka mzima. Alirudi na 41. Bado linaniuma.

Kwa hiyo anzeni mazoezi sasa, yale yanayofuata pindo lake mwenyewe. Njia ninayoitumia ilianzishwa na Katharina Schroth, Mjerumani ambaye mgongo wake mwenyewe ulipinda: mtoto hujitazama kwenye kioo, hujivuta arefuke, kisha huvuta pumzi na kuielekeza kwenye mbavu zilizobonyea. Mfiziotherapia amfundishe kwanza, nyumbani afanye kila siku.

Picha irudiwe baada ya miezi 4 hadi 6, na ya zamani uende nayo. Tofauti isiyofika nyuzi 5 inaweza kuwa ya upimaji tu. Zikizidi hapo, ulizia mkanda, na auvae hata shuleni, maana saa nyingi ndizo zinazosaidia.

Begi halikumpinda. Kukandwa hakunyooshi mfupa, na asikubali mtu amvute mgongo. Netiboli aendelee kucheza.

Mpime urefu kila mwezi, uweke alama kwenye fremu ya mlango. Ukiona ameruka ghafla, mrudishe hospitali bila kungoja miadi.