Jibu: Mikunjo kwenye kitambaa cha usukani wa mkia wa ndege
Mkuu, umeuliza kama mikunjo iliyobaki itapotea ukishapiga rangi. Haitapotea. Kitambaa cha poliesta hukazwa na joto la pasi; kukaza kwa dopu (kimiminika cha kupaka kinachokaza kitambaa kikikauka) kulikuwa mambo ya zama za pamba.

Kwa mfumo wa Poly-Fiber (vifaa na utaratibu wa kufunika ndege kwa kitambaa), subiri gundi ya kingo ikauke kabisa, kisha piga pasi usukani wote, pande zote mbili, kwa nyuzi 121 za Selsiasi, halafu 149, umalizie 177. Usiukaze upande mmoja hadi mwisho huku mwingine umelegea, fremu nyepesi hupinda.

Namba za kwenye pasi usiziamini. Yangu ya nyumbani ilinidanganya vibaya, tangu hapo napima uso wake kwa kipimajoto. Ukizidisha moto sana kitambaa hulegea na hakikazi tena, hapo ni kukibandua uanze upya (inauma, niamini). Kwenye kona tumia ile pasi ndogo ya mafundi wa ndege za kuchezea.

Na kabla ya rangi ya juu, usiruke tabaka lenye unga wa alumini. Jua hula poliesta.